Kumrudia Bwana Msa

Mwalimu mwenzangu, uliyekwisha kusoma *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), ulikifungua *Kisima cha Giningi* (1968) ukitarajia nini? Katikati yalipita Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na Azimio la Arusha la 1967. Baadhi ya wahakiki, wakidai fasihi ijenge jamii mpya, walimwona Muhammed Said Abdulla kuwa mwigaji tu wa hadithi za Sherlock Holmes. Lakini msomaji anayerudi hamfuati mhalifu peke yake. Anamrudia Bwana Msa na kiko chake, na mazungumzo yake na rafikiye Najum. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika hivyo hivyo, kwamba alicheka kabla fumbo halijaanza. Nikamkata alama kwa kutotaja dhamira. Nadhani nilimdhulumu.