Walimu wa Kamina: safari ya 1958 na wimbo wa kuaga

Mwaka 1958, walimu 15 na watoto karibu 45 wa shule ya Kamina, katika Katanga, walikwenda Ulaya. Watoto walikuwa wa miaka 9 mpaka 14. Kwaya yao iliitwa Troubadours du Roi Baudouin, jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule. Aliyeianzisha ni Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyefika Kamina mwaka 1953.

Kabla ya kuondoka, tarehe 23 Machi 1958, kwaya iliimba kwa mara ya kwanza misa nzima yenye sauti za nyumbani, katika misioni ya Kamina. Misa hiyo inajulikana kama Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, kama Kanisa lilivyotaka wakati ule. Lakini mapigo na sauti zilitoka Katanga na Kasai: kasala ya Waluba, ngoma ya Kasai, wimbo wa Bena Lulua. Hakukuwa na karatasi ya noti. Kila mmoja alishika sehemu yake kwa sikio, na mengine yalitungwa palepale wakati wa kuimba.

Safari ilichukua karibu miezi sita. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wakaimba pia pamoja na kwaya ya watoto wa Vienna. Huko Bruxelles walifika kwenye Maonyesho makubwa ya dunia, yaliyofunguliwa tarehe 17 Aprili na kufungwa tarehe 19 Oktoba. Watu zaidi ya milioni 41 walipita pale.

Lakini Maonyesho hayo yalikuwa na sura mbili. Kwaya ilipigiwa makofi. Na palepale kulikuwa na kijiji cha Wakongomani kilichozungushiwa uzio, ambapo wageni waliwatupia watu ndizi na karanga kama vile wanalisha nyani. Watu wa kijiji hicho walikataa, na mwezi wa Julai wakarudi nyumbani.

Katika Missa Luba, sehemu ya Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuaga. Safari ilipokaribia mwisho, ndio wimbo uliofaa kuliko yote. Inchi ambayo walimu waliiacha haikuwa tena ile ile. Tarehe 10 Oktoba 1958, Lumumba na wenzake waliunda chama cha MNC. Tarehe 4 Januari 1959, Léopoldville iliwaka moto. Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ukafika, na siku 11 baadaye Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga.

Waluba wengi wa kaskazini mwa Katanga walikataa kujitenga huko. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbia. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walijazana katika kambi ya wakimbizi pale Élisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mtoto aliyeimba Bruxelles akiwa na miaka 10 alikuwa na miaka 13 tu wakati huo.

Lakini sauti zao zilikuwa zimekwisha kushikwa kwenye diski ya Philips. Diski hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 1968, filamu ya Kiingereza yenye jina If.... iliitumia Sanctus, na vijana wa Ulaya ambao hawakujua Kamina iko wapi wakainunua. Jina la Padri Haazen linajulikana, na la mwimbaji Joachim Ngoi pia. Wengi wa walimu, wale waliosimama nyuma ya watoto na kushikilia sauti nzito, dunia iliwasikia bila kuwajua majina.

Anayekimbia vita habebi kitabu, habebi karatasi. Anabeba watoto, sufuria, na kile alichoshika kichwani. Misa ya Kamina ilivuka bahari namna hiyohiyo, ndani ya vichwa vya walimu na watoto. Kwa hiyo, katika kambi na katika familia zinazopokea wageni, mzee anapoanza wimbo wa zamani jioni, vijana wakae karibu. Wamwulize wimbo ulitoka wapi, na nani alimfundisha. Na jina la mwalimu huyo waliandike.