Upimaji wa misuli

Istilahi "upimaji wa misuli" hubeba mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni la tabibu wa viungo: mgonjwa huinua mkono, mpimaji huusukuma kinyume, na nguvu huandikwa kwa daraja, kuanzia 0, msuli usiotikisika, hadi 5, nguvu kamili. La pili lilianzishwa mwaka 1964 na George Goodheart wa Detroit, Marekani, aliyekuwa tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo, akaliita kinesiolojia tumizi. Mgonjwa hunyoosha mkono mmoja huku ameshika chakula au dawa. Mkono ukishuka unapobonyezwa, huambiwa kitu hicho kinamdhuru.

Busia, kaunti ya Kenya iliyo mpakani na Uganda, ina sababu ya kulijua lile la kwanza. Alupe, kwenye barabara ya kwenda Malaba, ina historia ndefu ya tiba na utafiti wa ukoma. Bakteria wa ukoma hushambulia neva, na neva ikiumia, msuli wake hulegea. Ndiyo maana katika tiba ya ukoma mgonjwa huambiwa afumbe macho kwa nguvu, atanue kidole cha mwisho, asimamishe gumba, ainue wayo. Ulegevu mpya ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa dawa za steroidi kabla kiungo hakijapooza. Hapo msuli husema habari zake na za neva yake, basi. Hausemi lolote kuhusu ini wala vitamini.

Njia ya Goodheart ilijaribiwa Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, wapimaji watatu wazoefu walichunguza hali ya lishe ya watu 11. Majibu yao hayakuafikiana, wala hayakulingana na vipimo vya maabara. Mpimaji anayetarajia udhaifu hubonyeza kwa nguvu zaidi pasipo kujua, na mgonjwa naye hulegeza.

Tatizo la kuitafsiri istilahi hii kwa Kiswahili limo katika neno "kupima". Anayetoka kupimwa katika zahanati yoyote ya Busia hueleweka kuwa ametolewa damu na kupewa jibu. Kuiita njia ya Goodheart upimaji ni kuiazima imani ya maabara isiyoistahili. Inafaa "upimaji wa nguvu za misuli" ubaki kwa tabibu wa viungo, na hii nyingine iitwe "uaguzi kwa misuli", kwa kuwa kazi yake ni kuagua. Mwenye homa, upande wowote wa mpaka, apimwe malaria kwa damu.