Swali Tunalomuuliza Mgonjwa

Kwa muda mrefu hospitali za umma zilijipima kwa kuhesabu vitanda, watumishi na vifo, wala hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mgonjwa. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyekuwa akifundisha Marekani, alipendekeza ubora wa tiba utazamwe kwa mambo matatu: nyenzo zilizopo, namna huduma inavyotolewa, na matokeo yake. Baadaye alisisitiza kuwa kuridhika kwa mgonjwa nako ni tokeo la tiba. Nchini Uingereza, ripoti ya Roy Griffiths ya mwaka 1983 iliukosoa uongozi wa huduma za afya za taifa kwa kutofuatilia maoni ya wanaohudumiwa. Hatua kwa hatua, dodoso likaingia wodini.

Lakini swali la kwanza kuulizwa, “Umeridhika?”, lilikuwa dhaifu, na udhaifu wake unaonekana wazi kwetu. Katika tafiti za utoaji huduma za afya zilizofanyika Tanzania mwaka 2006 na 2014–15, mtafiti aliketi chumbani akiangalia mtoto anavyotibiwa, kisha mlezi akahojiwa anapotoka. Alipoulizwa mambo mahususi, kama vile foleni, faragha, usafi, upatikanaji wa dawa na gharama, alikuwa na la kusema. Lakini akiulizwa tu kama ameridhika, mzazi anayejua kwamba wiki ijayo atarudi kwenye dirisha lilelile la dawa, na kwamba zahanati nyingine iko mbali, atajibu kwa adabu kuwa huduma ni nzuri. Shukrani hiyo ni ya kweli, ila haituambii kama mtoto alipimwa joto, wala kama mama alielezwa dawa inatolewa mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo swali linalofaa ni “Ulifanyiwa nini?”

Wapo wanaosema mgonjwa hana utaalamu wa kumhukumu tabibu. Ni kweli hawezi kusahihisha uchunguzi wa maabara, lakini anajua kama aliguswa, alisikilizwa na alielekezwa, na asiyeelewa maelekezo huweza kutumia dawa visivyo. Wengine wanahoji kwa nini fedha ziende kwenye madodoso wakati dawa hazitoshi. Hoja hiyo ina uzito, lakini kitabu cha stoo huonyesha dawa zilizotoka, hakionyeshi nani aliondoka mikono mitupu. Tena watumishi wasibebeshwe lawama za upungufu wasiousababisha. Maswali mahususi ndiyo yanayotenganisha kauli chafu ya mhudumu na uhaba ulioletwa na bajeti.

Tanzania ilipoanza kuvipa vituo vya afya ya msingi nyota mwaka 2015, ilikubali kwamba ubora ni jambo la kupimwa hadharani. Hatua inayobaki ni majibu ya wagonjwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo, pamoja na jina la tatizo, anayewajibika kulitatua na tarehe ya kulimaliza. Mgonjwa aliyetoa maoni anadai jibu, na kipimo kisichozaa jibu hakina haki ya kumpotezea muda.