Mwisho wa Mstari Ulipokuwa Kazi ya Mkono

Ofisi nilizofanyia kazi, kwanza Iringa na baadaye Mbeya, zilikuwa na sauti mbili kutwa: vishindo vya taipureta na kengele yake. Kengele ililia herufi chache kabla ya ukingo wa kulia wa karatasi, na hapo ndipo mpiga chapa alipoonyesha kama anaijua kazi. Aliamua bila kusimamisha vidole: neno hili litaenea, au nilikate? Kisha mkono wa kushoto ulisukuma kile kipini cha chuma, na mambo mawili yakatokea kwa pigo moja: roli ikazunguka kupandisha karatasi, na sehemu yote ya juu iliyobeba karatasi ikarudi mwanzo. Mstari umekatwa, na aliyeukata ni mtu.

Naieleza historia hii kwa ajili ya vijana wanaokuja kwenye steshenari yangu na lalamiko lile lile: "Mama, shikamoo. Mbona nimebonyeza Enter, lakini mistari imeungana?" Jibu lake linaanzia kwenye kipini kile.

Kukata neno kulikuwa elimu kamili. Vitabu vya kufundishia chapa vilitoka Uingereza, na kanuni zake zilikuwa za Kiingereza. Mwalimu wetu alitukataza kuzifuata tunapochapa Kiswahili, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu. Mbeya hukatwa Mbe-ya. Iringa hukatwa Iri-nga; ukiandika Irin-ga unafunzwa upya. Anwani ndiyo haikuwa na mjadala. Katika barua ya kiserikali cheo kilikaa mstari wake, ofisi mstari wake, S.L.P. mstari wake, na mji chini kabisa kwa herufi kubwa. Ndipo ikafuata YAH. Barua yenye anwani iliyoungana haikutiwa sahihi. Mkuu aliirudisha mezani, nawe ulianza upya na karatasi zako za kaboni.

Ufundi huu uliishi kwetu Tanzania muda mrefu kuliko katika nchi nyingi. Mwaka 1974, baada ya kompyuta za Hazina kushindwa kutimiza kazi ya hesabu iliyotarajiwa, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980. Wakati huo wote taipureta ndiyo iliyobeba barua za mikoa, na wahazili waliosoma Tabora, wenye hatimkato na kasi ya vidole, waliheshimika hasa.

Kwenye posta kulikuwa na teleksi, na mashine za ukoo wake ndizo zilizokigawa kitendo cha kumaliza mstari vipande viwili. Mashine iliyo mbali haina mkono wa kusukuma kipini, inahitaji kuambiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, aliweka katika mfumo wake wa simu za maandishi amri mbili tofauti: moja ya kurudi mwanzo wa mstari, nyingine ya kupandisha karatasi. Mwaka 1963 Wamarekani walipopanga orodha ya ASCII, inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, amri hizo zilipewa namba 13 na 10. Kompyuta haina karatasi ya kupandisha, lakini imezirithi. Windows ikabaki na zote mbili, Unix ikachukua 10 peke yake. Ndiyo maana mafaili mengi yaliyotoka kwenye mashine za Unix yalifunguka katika Notepad yakiwa mstari mmoja mrefu, na Microsoft hawakurekebisha hilo hadi mwaka 2018.

Lalamiko la vijana wangu, hata hivyo, linatoka kwenye hatua iliyofuata. Mwaka 2004 John Gruber wa Marekani, akisaidiwa na Aaron Swartz, alitoa Markdown: namna ya kuandika maandishi ya kawaida yenye alama chache, kisha programu ikayageuza kuwa ukurasa wa intaneti. Aliiga mazoea ya barua pepe za siku zile. Waandishi wa barua hizo walikata mistari kila baada ya herufi kama 70 au 80 ili ienee kwenye kioo, si kwa sababu wazo limeisha. Kwa hiyo Markdown huichukulia Enter moja kuwa nafasi tu, na huunganisha mistari. Ukiruka mstari mtupu unapata aya mpya. Ukitaka mstari mpya ndani ya aya ile ile, unaacha nafasi mbili mwishoni kabla ya Enter.

Kwa taarifa ndefu mpango huu unafaa kabisa. Kwa anwani ni hasara, na kwa shairi ni maangamizi. Wazee waliniletea tungo zao niwachapie, wakitaka kuzipeleka Radio Tanzania au gazeti la Uhuru, na kila mshororo ulikuwa na mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Mishororo minne ikiungana, vina vinazama na msomaji hajui apumue wapi. Mkato wa mstari si pambo. Ni kazi ya mtunzi mwenyewe.

Nafasi mbili zina ubaya mmoja mkubwa: hazionekani. Anayekuja kusahihisha huzifuta bila kujua, na programu nyingine huzifuta zenyewe. Wanakili wa tenzi wa Lamu walikuwa na busara zaidi. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu ubeti mzima wenye vipande vinne uliandikwa katika mstari mmoja, lakini kati ya kipande na kipande paliwekwa alama ya wino. Karatasi ilibanwa, utungo ukabaki salama. Baadaye Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, likawazoesha wasomaji mishororo iliyopangwa kwa herufi za Kirumi, mmoja chini ya mwingine.

Markdown nayo ina alama inayoonekana. Kanuni za CommonMark, zilizotolewa mwaka 2014, zinaruhusu kuweka mkwaju unaoinamia kushoto (\) mwishoni mwa mstari, kisha Enter. Programu zisizoukubali mkwaju huo kwa kawaida huikubali alama ya HTML ya kukata mstari, yaani herufi br ndani ya mabano ya pembe. Zitumieni hizo, wanangu, hasa mnapochapa utungo wa mtu mwingine; na kabla ya kuutuma, ufungueni kama msomaji atakavyouona, mhesabu mishororo mmoja mmoja na nakala ya mtunzi ikiwa mkononi.