Klabu za Huduma na Riziki ya Jirani

Jumuiya inapoadhimisha miaka ya uhai wake, ni desturi kuhesabu majengo yaliyosimama na michango iliyotolewa. Desturi hiyo ni njema. Hata hivyo, yapo matendo ya kujitolea yasiyoacha jengo wala bamba la jina ukutani, nayo pia yana historia yake. Makala haya yanahusu aina moja ya matendo hayo, yaani kazi za klabu za Lions na Rotary, ambazo wakazi wa miji yetu wamezizoea kwa kambi za macho, visima vya maji na misaada kwa shule. Watu wengi wanajua kwamba klabu hizi husaidia wagonjwa na maskini. Wachache wanajua kwamba zilianzishwa na watu wa biashara kwa ajili ya biashara, na kwamba zilibadilika baada ya mabishano. Kutokana na historia hiyo tunaweza kujiuliza swali linalotuhusu sote: je, watu waliofanikiwa katika biashara wana wajibu gani kwa riziki ya mfanyabiashara mdogo aliye jirani yao?

Mwanzo wa Chicago

Rotary ilianzishwa Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Mwanzilishi wake alikuwa wakili Paul Harris, aliyelelewa katika mji mdogo wa Wallingford, Vermont. Alikutana na watu watatu: Silvester Schiele aliyeuza makaa ya mawe, Hiram Shorey aliyekuwa fundi wa nguo, na Gustavus Loehr, mhandisi wa madini. Walikutana kwa zamu katika ofisi zao, na kutokana na zamu hizo klabu ikapata jina lake. Lengo la mwanzo lilikuwa urafiki na kupeana kazi. Mwenye makaa angemletea mteja fundi wa nguo, na fundi wa nguo angenunua makaa kwa mwenzake.

Mwaka 1906 Donald Carter, wakili wa masuala ya hataza, alikaribishwa kujiunga. Alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba chama kinachowafaa wanachama wake peke yao, bila kuufaa mji, hakina mustakabali. Badala ya kukasirika, wenyeji wake walimwomba asaidie kuandika lengo jipya la kuuhudumia mji. Mwaka uliofuata, 1907, klabu ikaanza kampeni ya kuwepo kwa vyoo vya umma katikati ya Chicago. Kazi yake ya kwanza kubwa kwa umma ilikuwa hiyo: si mnara wala sherehe, bali vyoo ambavyo mpita njia yeyote angeweza kuvitumia.

Lions ilipita njia iyo hiyo. Melvin Jones alikuwa wakala wa bima mjini Chicago, na katibu wa chama cha wafanyabiashara kilichoitwa Business Circle. Wasomaji wengi wa toleo hili watafahamu kwamba neno bima lenyewe lilifika katika Kiswahili kutoka Bara Hindi, kama yalivyofika maneno hundi na laki. Biashara za bahari hii zimekuwa na msamiati mmoja kwa karne nyingi. Jones aliwauliza wenzake kwa nini watu wenye akili na juhudi ya kufanikisha biashara zao wasitumie uwezo huo kuinua jamii zao. Tarehe 7 Juni 1917 wajumbe wa klabu mbalimbali walikutana Chicago kwa mwaliko wake, na mwezi Oktoba mwaka huo mkutano mkuu wa kwanza ukafanyika Dallas, Texas.

Mkutano huo wa Dallas ulipitisha kanuni inayostahili kukumbukwa. Iliamuliwa kwamba klabu yoyote isifanye faida ya kifedha ya wanachama wake kuwa ndilo lengo lake. Kanuni hiyo haikumkataza mwanachama kufanya biashara, wala haikuitenga klabu na mambo ya biashara. Ilikataza jambo moja tu: kuitumia klabu kama mlango wa kujipatia wateja. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maandishi na kubwa kwa vitendo, na tutairudia.

Fimbo nyeupe ya Peoria

Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia aliyesifika ulimwenguni kwa elimu yake, aliuhutubia mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, Ohio. Aliwaomba waichukue kazi ya kuwasaidia wasioona kuwa kazi yao. Tangu siku hiyo huduma ya macho imekuwa alama ya klabu hizo popote zilipo.

Miaka mitano baadaye klabu ya mji wa Peoria, Illinois, ilitoa mfano wa jinsi huduma hiyo inavyoweza kufanywa. Mwanachama wake George Bonham alimwona mtu asiyeona akihangaika kuvuka barabara. Fimbo yake ilikuwa nyeusi, na madereva hawakuitambua. Bonham akapendekeza fimbo za wasioona zipakwe rangi nyeupe na kutiwa pete nyekundu, na klabu ikakubali.

Rangi nyeupe yenyewe haikuwa jambo jipya. Mjini Bristol, Uingereza, James Biggs, mpiga picha aliyepoteza uwezo wa kuona, alikuwa amepaka fimbo yake rangi hiyo tangu mwaka 1921. Jambo lililofanyika Peoria ni kwamba mji ulipewa sheria. Desemba 1930 baraza la mji lilipitisha sheria ndogo iliyompa mwenye fimbo nyeupe haki ya kupishwa barabarani. Kopo la rangi lingeweza kununuliwa na mtu yeyote mwenye moyo wa huruma. Lakini ili dereva alazimike kusimama, ilibidi watu wenye sauti mjini waende mbele ya baraza na kuzungumza kwa niaba ya wasio na sauti. Mwaka 1931 Lions ilianza kuieneza fimbo hiyo mahali pengine, na mwaka 1964 Marekani ikaitenga tarehe 15 Oktoba kuwa siku ya usalama wa fimbo nyeupe.

Mtu asiyeona akishavuka barabara salama, huwa anakwenda wapi? Swali hili lilijibiwa kwa sehemu mwaka 1936, pale Bunge la Marekani lilipopitisha sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili, Randolph na Sheppard. Sheria hiyo iliwapa wasioona nafasi ya kuendesha vibanda vya biashara katika majengo ya serikali kuu. Kibanda cha magazeti, sigara na peremende kikawa mlango wa kujitegemea kwa watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa wa kusaidiwa tu. Hapa huduma kwa wenye shida na utetezi wa biashara ndogo vilikutana, kwa kuwa mtu huhitaji kuona njia, na pia huhitaji mahali pa kufungua duka.

Duka dogo la Afrika Mashariki

Klabu ya Rotary ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930, mwaka ule ule wa fimbo ya Peoria, na klabu za Lions zilifuata baadaye. Zilikuja katika nchi ambamo suala la nani afanye biashara, wapi, na kwa mkopo wa nani, lilikuwa la kisiasa.

Wasomaji wa toleo hili hawahitaji kufundishwa habari za duka la Kihindi lililojengwa kwa mabati kandokando ya reli na katika vituo vya ndani. Huenda jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba sheria za kikoloni ziliweka mipaka kwa mkopo ambao Mwafrika angeweza kupewa na mfanyabiashara asiye Mwafrika. Serikali ilidai kwamba inamkinga Mwafrika na madeni. Matokeo yake yalikuwa kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka alinyimwa bidhaa za mali kauli, ilhali duka la Kihindi lenyewe liliinuka kwa mali kauli kutoka kwa wauzaji wa jumla. Majirani wawili walitenganishwa na sheria, kisha kila mmoja akafundishwa kumlaumu mwenzake.

Baada ya uhuru mizani iligeuka. Sheria ya Leseni za Biashara ya Kenya ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo fulani na kuuza bidhaa fulani. Familia nyingi za Kiasia zenye hati za Uingereza zilifunga maduka na kuondoka, hasa kabla ya Uingereza kubana mlango wake kwa sheria ya mwaka 1968. Kila upande, basi, una kumbukumbu ya kunyimwa nafasi ya kufanya kazi halali. Kumbukumbu hizo mbili hazifanani kwa kila jambo, lakini zinatosha kutufanya tuelewane.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya ajira nchini Kenya. Ilieleza kwamba mafundi na wachuuzi wasio na leseni, waliokuwa wakidharauliwa na kufukuzwa, walikuwa wakizalisha mali, wakitoa ajira na kupata faida. Watu hao ndio tunaowaita jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi kuwajengea vibanda. Mwaka 2012 Bunge likapitisha Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana, iliyounda mamlaka ya kuzisimamia na kuvitambua vyama vya wafanyabiashara wadogo. Kutoka taarifa ile hadi sheria hii ilipita miaka 40. Muda huo ni mrefu kwa fundi anayengoja paa.

Miwani na sindano

Huduma ya macho, ambayo ndiyo kazi inayojulikana zaidi ya Lions, ina uhusiano wa karibu na riziki kuliko inavyodhaniwa. Macho ya binadamu huanza kushindwa kuona vitu vya karibu anapofikia umri wa miaka 40 hivi. Kwa karani jambo hili ni usumbufu. Kwa fundi cherehani asiyeweza tena kutunga uzi katika sindano, au mama mboga asiyeweza kusoma ujumbe wa malipo kwenye simu, ni upungufu wa mapato.

Utafiti uliofanywa nchini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 ulipima jambo hili. Watu 824 wenye umri wa kati ya miaka 35 na 65, waliofanya kazi zinazohitaji kuona vitu vya karibu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani ya kusomea bila malipo mara moja, na lingine likangoja. Baada ya miezi 8, mapato ya waliopewa miwani yalikuwa yamepanda kwa takriban asilimia 33 kuliko ya wenzao. Miwani ya namna hiyo ni ya bei ndogo na haihitaji upasuaji. Kwa hiyo, meza ya miwani katika kambi ya macho hutoa mtaji, hata kama anayeigawa hana habari hiyo.

Si jambo geni kwa ukumbi wa hekalu, msikiti, kanisa au shule kugeuzwa zahanati ya siku moja. Katika eneo la Loresho, Nairobi, hospitali ya macho ya Lions imeifanya kazi hiyo kuwa ya kila siku. Wajitoleaji wanaopanga foleni, wanaoandika majina na wanaowashika mkono wazee waliotolewa mtoto wa jicho wanastahili shukrani kamili.

Kutoka msaada hadi utetezi

Hata hivyo, historia tuliyoieleza inadai zaidi ya hapo. Peoria inatufundisha kwamba rangi bila sheria haimsimamishi dereva. Vivyo hivyo, miwani humrudishia fundi kazi yake, lakini haimlindi kibanda chake kisibomolewe asubuhi bila taarifa. Mgeni anayefika kambini kwetu kama mgonjwa ni mwenye biashara siku sita nyingine, na ana haja ya mambo ambayo wengi wetu tunayo bila kuyahesabu: mhasibu wa kumwonyesha jinsi ya kutunza daftari, wakili wa kumsomea mkataba wa pango, mtu anayejua ni ofisi gani ya kaunti inayotoa leseni na kwa ada gani, na sauti inayosikika mkutanoni inapojadiliwa bajeti ya soko.

Hapa ndipo kanuni ya Dallas ya mwaka 1917 inapohitajika. Muuzaji wa jumla anayetetea wachuuzi ili wanunue kwake pekee ameirudisha klabu kwenye meza ya zamani. Anayewatetea hata kama watanunua kwa mshindani wake, ameielewa. Utetezi wa kweli pia huanza kwa kuwauliza wenyewe, kwani vyama vyao vipo na sheria inavitambua. Kazi ya jirani mwenye nafasi ni kusimama kando yao, wala si kusema mahali pao.

Donald Carter alipokataa kujiunga na klabu ya wenye kupeana kazi, hakuwa akiwadharau wafanyabiashara, kwani naye aliishi kwa huduma aliyowauzia. Alitaka watu hao watazame nje ya mlango wao. Nje ya mlango wetu wenyewe, mtaa huu huu, wapo fundi viatu, muuza matunda, mshonaji na kinyozi. Wengi wao wameyaona majengo yetu yakiinuka, na baadhi yao walibeba mawe yake. Miaka ijayo ya jumuiya hii itakapohesabiwa, itafaa pia kuhesabiwa ni wangapi kati yao bado wana mahali pa kufungulia biashara.