Mfahamu Idris Elba: Kutoka zamu za usiku kiwandani hadi ndoto ya studio Zanzibar

Kwenye vibanda umiza vya huku kwetu Sibwesa, mkoani Katavi, wengi wanamjua kwa sura kabla ya jina. "Si yule aliyecheza Mandela?" Ndiye huyo huyo.

Anaitwa Idrissa Akuna Elba, alizaliwa 6 Septemba 1972 Hackney, London. Baba alitoka Sierra Leone, mama Ghana. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Ford kule Dagenham, na kijana naye aliwahi kupiga zamu za usiku hapo hapo, huku akiwa DJ. Kilichomsogeza kwenye uigizaji ni msaada wa pauni 1,500 wa mfuko wa Prince's Trust, uliomwezesha kujiunga na kundi la vijana la maigizo ya muziki.

Baada ya nafasi ndogo ndogo kwenye tamthilia za Uingereza alihamia New York. Mambo hayakunyooka haraka. Alipiga muziki, akasimama mlangoni mwa klabu ya vichekesho, huku akiendelea na usaili.

Mwaka 2002 ndipo akatoka, na The Wire. Kwenye usaili alificha kwamba ni Mwingereza, akaongea Kimarekani tu. Akapewa nafasi ya Stringer Bell, muuza unga wa Baltimore ambaye jioni anakwenda darasani kusoma uchumi. Mwaka 2004, msimu wa tatu, akauawa. Kwa sisi tuliokua tukiamini steringi hafi, ile ilikuwa ngumu kumeza!

Ila kazi yake inayonigusa zaidi haitajwi sana. Ni Sometimes in April ya 2005, kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994, iliyopigwa Rwanda kwenyewe. Anacheza Augustin, mwanajeshi Mhutu mwenye mke Mtutsi, ambaye mdogo wake anatangaza kwenye redio ya chuki. Ukikulia mkoa wenye makazi ya Mishamo na Katumba, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipokelewa, hiyo huiangalii kama muvi ya kupitisha muda.

Baadaye alipanda kweli kweli. Alianza Luther ya BBC mwaka 2010, ikampa tuzo ya Golden Globe 2012. Mandela ikatoka 2013. Kwenye Beasts of No Nation ya 2015, iliyopigwa Ghana, ni kamanda wa watoto wanajeshi, na anatisha. Januari 2016 alibeba tuzo mbili za chama cha waigizaji wa Marekani usiku mmoja.

Tanzania inaingia Januari 2023, alipozungumza na Rais Samia kule Davos kuhusu kujenga studio ya filamu nchini. Agosti 2024 ikaripotiwa kwamba Zanzibar imemtengea karibu hekta 80. Mwezi Oktoba aliiambia BBC kuwa anakusudia kuhamia Afrika ndani ya miaka 5 hadi 10.

Hekta 80 si haba. Ninachotaka kujua mimi ni nani atashika kamera na taa humo ndani, na kama kijana wa Sibwesa anayerekodi vichekesho kwa simu naye ataitwa usaili, au atabaki kulipa kiingilio cha kibanda.