Kanisa Lisilo na Askofu: Historia Fupi ya Metropolitan Tabernacle, London

Kusini mwa Mto Thames, katika eneo la Elephant and Castle jijini London, limesimama jengo lenye nguzo sita kubwa mbele yake. Ni Metropolitan Tabernacle, nyumba ya kanisa la Wabaptisti ambalo kusanyiko lake lilianza mwaka 1650. Halina askofu, halina sinodi, wala halipokei waraka kutoka makao makuu yoyote. Wengi wetu Afrika Mashariki tunalifahamu kwa jina la mchungaji mmoja tu, Charles Haddon Spurgeon. Spurgeon anastahili heshima yake, lakini kanisa hili lilitimiza miaka 200 kabla hajakanyaga mimbari yake, na utaratibu uliomlea aliukuta.

Mwanzo wake ulikuwa wa shida. Ufalme uliporudi Uingereza mwaka 1660, kukusanyika kwa ibada nje ya Kanisa la Anglikana kukawa kosa la kisheria. Mwaka 1664 kijana mmoja wa Buckinghamshire aitwaye Benjamin Keach, fundi wa kushona nguo, alishtakiwa kwa sababu ya kijitabu cha kufundishia watoto kusoma, ambamo alisema wanaostahili kubatizwa ni wale walioamini. Alifungwa, akatozwa faini, kisha akasimamishwa hadharani katika miji ya Aylesbury na Winslow, shingo na mikono vikiwa vimebanwa kwenye mbao, huku kijitabu chake kikichomwa moto mbele yake. Miaka minne baadaye kanisa hili lilimchagua kuwa mchungaji. Alikuwa na umri wa miaka 28, akalitumikia kwa miaka 36.

Keach ndiye aliyeleta nyimbo katika ibada, na namna alivyozileta inaeleza kanisa hili lilivyojitawala. Wabaptisti wengi wa siku zile waliona kuimba tungo za binadamu ibadani ni kumtolea Mungu kitu ambacho hakukiagiza. Keach hakutoa amri. Alianza na wimbo mmoja baada ya Meza ya Bwana, akafundisha, akasubiri miaka mingi, na jambo lilipofikishwa kwenye mkutano wa washirika, walio wengi wakakubali. Wimbo uliwekwa mwisho wa ibada ili ambaye dhamiri yake inamkataza aweze kutoka kabla haujaanza. Hata hivyo baadhi hawakuridhika, wakaondoka na kwenda kuanzisha kanisa lao. Kujitawala hakukuwaondolea watu mafarakano, na historia ya kweli haina haja ya kulificha hilo.

Wapi yaliandikwa mamlaka ya mkutano huo? Katika Ungamo la Imani la Wabaptisti, lililotolewa mwaka 1677 na kupitishwa na wajumbe wa makanisa waliokutana London mwaka 1689, Keach akiwa miongoni mwa waliotia saini. Ungamo hilo linaanza na Maandiko Matakatifu kuwa kipimo cha pekee cha imani na mwenendo. Linafundisha Utatu, wokovu kwa neema kwa njia ya imani, na ubatizo wa kuzamishwa kwa anayekiri imani yake mwenyewe. Sura ya 26 ndiyo inayohusu kanisa. Inasema kwamba Kristo amelipa kila kusanyiko la waaminio mamlaka yote linayohitaji kwa ajili ya ibada na nidhamu, na kwamba wazee na mashemasi huchaguliwa kwa kura ya kanisa lenyewe. Makanisa yanaweza kutuma wajumbe wakashauriane juu ya jambo gumu, lakini kikao cha wajumbe hao hakina mamlaka ya kulazimisha kanisa lolote. Nakiri kwamba sura hiyo naipenda. Inampa mama anayefagia kanisa kura sawa na ya tajiri, na papo hapo inawafunga wote wawili kwa Neno moja.

Baada ya Keach, vizazi vilipita kwa utulivu kiasi. Uchaguzi wa mchungaji John Gill, mwaka 1719 na 1720, uliligawa kusanyiko, lakini akadumu miaka 51, akaandika ufafanuzi wa Biblia nzima na tamko la imani la mwaka 1729 ambalo washirika walilikubali kuwa lao. John Rippon alimfuata, akachunga miaka 63. Ukihesabu, wachungaji wawili walichukua zaidi ya karne moja.

Spurgeon alialikwa kuhubiri mwishoni mwa mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka 19. Kanisa, wakati huo likiabudu New Park Street, lilikuwa limepungukiwa watu. Likamwomba ahudumu kwa majaribio ya miezi sita. Yeye akajibu kwamba mitatu inatosha, asije akawa mzigo kwao. Hata hiyo mitatu haikuisha. Aprili 1854 washirika waliitisha mkutano na kumwita awe mchungaji wao. Mwaka uliofuata alichapisha upya ungamo la mwaka 1689 na kuliweka mikononi mwa washirika, na mwaka 1859 kanisa likarudisha cheo cha wazee, ambacho kilikuwa kimefifia. Mashemasi walibaki na mambo ya fedha na majengo, wazee wakashika malezi ya roho, wakichaguliwa upya kila mwaka.

Jengo jipya la Tabernacle lilifunguliwa Machi 1861. Liligharimu takriban pauni 31,000, likafunguliwa bila deni hata senti moja. Lilibeba maelfu, na washirika mwishoni mwa maisha ya Spurgeon walizidi 5,000. Umati kama huo ungeweza kulifanya kanisa kuwa ukumbi wa wasikilizaji tu, na hapo ndipo wazee walipofanya kazi kwelikweli. Aliyetaka kujiunga alihojiwa na mzee, kisha na mchungaji, halafu mkutano wa kanisa ukamteua mtu wa kumtembelea na kuulizia mwenendo wake. Baada ya hapo alisimama mbele ya mkutano akaulizwa maswali, na washirika wakapiga kura. Aliyepokewa alipewa kadi ya Meza ya Bwana yenye vipande 12 vyenye namba, kimoja kwa kila mwezi. Kila alipokuja mezani alikata kipande na kukitoa. Vipande visipoonekana kwa miezi mitatu bila sababu inayojulikana, mzee wa eneo lake alibisha hodi nyumbani kwake. Sijaona popote utaratibu mwepesi zaidi wa kuhakikisha kwamba mtu mmoja hapotei kati ya maelfu.

Mwaka 1887 ulikuja mtihani mkubwa. Spurgeon aliona kwamba ndani ya Umoja wa Wabaptisti wa Uingereza walikuwamo wachungaji waliodhoofisha mafundisho juu ya Maandiko, dhabihu ya Kristo na adhabu ya milele. Aliutaka Umoja uwe na tamko la imani la kiinjili, kwa kuwa wakati huo kilichowaunganisha kwa maandishi kilikuwa ubatizo wa kuzamishwa tu. Hakusikilizwa, akajitoa mwezi Oktoba, na kanisa lake likasimama naye. Mwezi Aprili 1888 mkutano mkuu wa Umoja ulipitisha azimio la suluhu ambalo yeye hakuliafiki. Lilikubaliwa na karibu wajumbe wote, na aliyeliunga mkono jukwaani alikuwa James, mdogo wake na mchungaji msaidizi wake. Spurgeon alifariki Januari 1892, akiwa na miaka 57. Mimi nahesabu hatua ile ya kujitoa katika Umoja kuwa matumizi halali ya uhuru wa kanisa, kwa maana hakujitoa ili aamini apendavyo. Alijitoa ili abaki na alichokiri.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Suala la mrithi liliwatenganisha washirika hadi Thomas, mwana wa Spurgeon, alipochaguliwa mwaka 1894. Moto uliteketeza jengo mwaka 1898, na mabomu ya vita yakalibomoa tena mwaka 1941. Mara zote mbili nguzo za mbele zilibaki. Jengo la sasa, dogo kuliko la kwanza, lilijengwa mwaka 1957. Kanisa lilikuwa limerudi katika Umoja wa Wabaptisti mwaka 1955, lakini likajitoa kwa mara ya pili mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya Peter Masters kuingia uchungaji akikuta kusanyiko limebaki la watu wachache sana. Chini yake lilikua tena, na ungamo la imani ni lilelile la mwaka 1689.

Msomaji uliye katika kanisa huru Nairobi, Mwanza au Bukavu, waombe wazee wako waitishe mkutano wa washirika mwaka huu, na kabla ya ajenda nyingine yoyote, ungamo la imani la kanisa lenu lisomwe kwa sauti, kila mmoja akiwa na nakala mkononi.